Mara Tatu kwa Pumzi Moja

"Sijapumua! Nasema sijapumua, na anayesema nimepumua apande hapa juu aniangalie kooni!"

Aliyekuwa akifoka hivyo ni Kengele, mnadi wa yadi ya vyombo vikuukuu, amesimama juu ya makreti mawili ya soda yaliyopinduliwa, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mguu wa kiti anaogongea kila bei ikifungwa. Chini yake, katikati ya wanunuzi, fundi seremala waliyemwita Msumari alikuwa ameinua kidole na hataki kukishusha.

"Umepumua, dada. Baada ya mara mbili. Mimi nilishafungua mdomo niongeze bei."

"Mdomo wako uko wazi tangu asubuhi. Ningejuaje kwamba sasa hivi ni wa bei?"

Watu wakacheka. Meza ya kioo waliyoigombania ilikuwa imeshakumbatiwa na mama wa saluni, ameing'ang'ania kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana, na kumtoa pale ingebidi uvunje kioo au umvunje yeye.

"Chekeni tu," Msumari akasema. "Lakini hapa tuna sheria. Mara tatu kwa pumzi moja. Huyu amepumua katikati, kwa hiyo namdai kiti."

Kicheko kikakatika hapohapo.

Neno lenyewe lilikuwa zito kuliko kiti. Zamani, kabla ya Kengele kupanda makreti, wanadi wa yadi ile walikuwa na ujanja wao. Mtu anaita mara moja, anaita mara mbili, halafu anajifanya kukohoa, anafuta jasho, anatazama mawingu, kumbe anamngoja mwenzake aliyejificha nyuma apandishe bei. Wanunuzi walipochoka kuibiwa walikaa na tajiri wa yadi wakaweka sheria: mnadi aite mara zote tatu kwa pumzi moja, asiache hata tundu la kupitisha sindano. Akipumua katikati, anamlipa aliyeumizwa kiti kwa mfuko wake mwenyewe. Kiti chochote, mradi kikalike. Basi ukisikia mnadi anadaiwa kiti, ujue ameitwa mwizi mbele za watu.

Kengele hakuwahi kudaiwa kiti tangu aanze kazi. Yule mama alikuwa na kifua! Alikuwa akinadi kitanda na godoro lake na habari za marehemu aliyekilalia, mara tatu, kwa pumzi moja, na ikibaki akaitumia kumtukana mchomoa mifuko aliyesimama nyuma kabisa. Jina la Kengele hakujipa mwenyewe.

"Kiti hupati," akamwambia Msumari. "Labda ukakate mti." Akagonga kreti, akaita jiko la gesi.

Sasa ubaya ni kwamba alikuwa amepumua. Kati ya mara mbili na mara tatu kifua kilimkwama kama droo iliyolowa mvua, akaiba hewa kidogo, hewa ya kijiko cha chai. Hakuna aliyeiona isipokuwa yeye na yule bundi mwenye msumeno. Mnada ulipokwisha akashuka kwenye makreti polepole, mguu mmoja mmoja.

Mwaka mmoja na kitu kabla ya hapo, moyo wake ndio uliomchezea shere. Alikuwa jikoni anaosha vyombo, ghafla kifuani kukaanza kurukaruka kama kuku aliyetiwa kwenye gunia. Hakuumia, alishangaa tu. Akasema akae, lakini hakukifikia kiti. Binti yake, msusi wa nywele, alikuwa sebuleni na kichwa cha mteja mapajani. Alisikia sahani zikivunjika kwanza, halafu akamsikia mama.

Kliniki ya moyo walimwambia mapigo yamepoteza mpangilio, wakampa vidonge vidogo vyeupe vya kuyapanga. Vilifanya kazi, hilo lisemwe kwa haki. Kuku alitulia. Kengele akarudi kwenye makreti yake, na vidonge akavipa cheo: askari wangu. Akavihifadhi kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, na kila asubuhi kabla ya chai alisimama dirishani na glasi ya maji, akameza, akamtangazia binti yake, "Askari kaingia zamu."

Hakuruka siku. Wenzake kliniki walisahau dozi, wengine wakagawana na mashemeji, wengine wakajisikia nafuu wakaacha. Yeye hapana. Daktari wa moyo hakupata mgonjwa mtiifu kama huyo. Na huyo askari, aliyefunguliwa mlango kila asubuhi kwa mkono wa mwenye nyumba, alikuwa ameshaanza kuvunja chumba cha pili.

Ile siku ya kwanza daktari wa moyo alikuwa amemwambia mambo mawili zaidi: asikae juani sana, na akianza kukohoa au kuhema bila sababu arudi mbio. La jua Kengele alilichekea moyoni, maana mnada haufanyiki uvunguni mwa kitanda. La kukohoa liliingia sikio hili likatokea lile, kwa sababu wakati ule masikio yote mawili yalikuwa yanangoja kusikia kwamba hatakufa.

Rangi ndiyo iliyotangulia. Uso wake ukaanza kupata rangi isiyo ya kwao, si weusi si weupe, rangi ya jivu lenye buluu ndani yake, kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Paji la uso, pua, mashavu. Shingo, iliyokuwa ikifunikwa na mtandio, ilibaki kama alivyozaliwa nayo. Na wanawake wa mtaa ule wana macho ya kuona chunusi ya mwenzao ng'ambo ya barabara, itakuwa uso mzima?

"Kengele naye anajichubua! Umri huu!"

Mama wa saluni hata akamfuata kwa huruma ya biashara. "Mama, hiyo uliyopaka ni feki. Njoo nikupe ya kurudisha rangi."

"Mimi napaka mafuta ya taa," Kengele akamjibu. "Wewe nipe kiberiti."

Lakini akifika nyumbani alisimama mbele ya kioo muda mrefu, akisugua paji la uso kwa kidole kilicholowa, kama anayejaribu kufuta doa kwenye meza ya kuuza.

Halafu macho. Jioni, taa za barabarani zikaanza kuvaa pete, kila moja na duara lake la mwanga, kama zimeolewa zote siku moja. Hilo hakumwambia mtu. Halafu kikohozi, kikavu, kisichotoa kitu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Na pumzi ikawa inapungua kila wiki ya mnada. Kengele akaanza ujanja ambao miaka yote aliwasema wenzake kwa huo. Zamani aliita "kabati la milango mitatu, mbao ngumu, lililotunzwa na mama wa watu"; sasa akaita "Kabati!" basi. Alikuwa akitupa utani kabla ya mara ya pili ili watu wakicheka avute hewa ndani ya kicheko chao. Wote walicheka. Msumari alikunja mikono akamtazama.

"Kiti changu hakijambo, dada?" alimwuliza kila mnada, badala ya salamu.

"Hakijambo. Kinasema bado ni mti."

Alikuwa akijibu haraka, ila siku hizi majibu yake yalikuwa mafupi, na yeye mwenyewe alijua kwa nini.

Binti ndiye aliyechoka kwanza. Alimsikia mama yake akipanda ngazi tatu za mlango wa nyumba yao na kusimama katikati, mkono ukutani, akijifanya anakagua rangi.

"Mama, twende kliniki ya kifua."

"Vumbi tu. Magodoro ya watu waliokufa, unategemea yatoe marashi?"

"Twende, la sivyo naja yadini kukushusha kwenye makreti mbele ya Msumari."

Akaenda. Hilo la Msumari lilimgusa.

Kwenye kliniki ya kifua kulikuwa na foleni iliyotoka mpaka nje ya mlango na daktari kijana mwenye macho ya mtu aliyelala kwa zamu. Aliuliza kazi yake, Kengele akasema vumbi. Aliuliza kikohozi, akakohoa. Akauliza, "Kuna dawa yoyote unatumia, mama?"

"Ya kifua? Hakuna."

"Na nyingine?"

"Hizi za kawaida tu za watu wazima."

Foleni ikasukuma mlango, swali likapita.

Hakusema uongo. Mnadi hasemi uongo. Kabati likiwa na ufa nyuma, analigeuza mbele. Mnunuzi akiuliza ufa, anaonyeshwa ufa. Asipouliza, anabebewa kabati lake mpaka nyumbani. Kengele aliishi hivyo hadi akawa anajinadi yeye mwenyewe, na wala hakuwa anajua. Isitoshe, jirani alishamwambia kwamba watu wa kifua wakisikia una dawa ya moyo wanakusimamishia, na yeye alikuwa akimkumbuka yule kuku. Kukohoa angekohoa. Kuanguka tena jikoni, asikifikie kiti, hapana.

Kwa hiyo wakamtibu vumbi. Wakampa dawa za kuua vijidudu, zikaisha, wakampa kali zaidi. Wakataka makohozi wapime kifua kikuu, lakini hakuwa na cha kutema. Wakampiga picha, ikaonyesha ukungu pande zote mbili, wakasema arudi wapige nyingine. Tajiri wa yadi akamnunulia barakoa ya kitambaa. Mnadi aliyezibwa mdomo! Aliivaa siku moja, watu wakadhani yadi ina msiba.

Na kila asubuhi, dirishani, glasi ya maji. Kadiri alivyokuwa akihema ndivyo alivyozidi kumshukuru askari, maana alijiambia kwamba bila yeye hali ingekuwa mbaya zaidi.

Siku aliyoanguka, alikuwa akinadi kitanda cha chuma. Jua limewaka, watu wamejaa, bei imepanda vizuri. Akavuta hewa, ikaingia nusu.

"Kitanda! Mara moja, mara mbili..."

Mguu wa kiti ukabaki hewani. Watu wakangoja. Mmoja nyuma akapiga kelele, "Ongezeni bei basi, hamwoni anawangoja!" Wengine wakacheka, wengine wakaguna, na neno mwizi likaanza kutembea chini kwa chini.

Msumari alikuwa akitazama midomo ya Kengele. Ilikuwa imefanana rangi na uso.

"Hangoji mtu huyu!" akasema, akiwasukuma. "Hana pumzi! Shikeni!"

Walimdakia kwenye makreti. Msumari akamwaga chini mbao zake zote kutoka kwenye mkokoteni wake, mbao alizokuwa amezilipia, zikatawanyika pale na watu wakazikanyaga, akamlaza Kengele humo juu ya gunia, akasukuma mwenyewe mpaka hospitali. Njia nzima Kengele alitazama anga na kujaribu kumalizia neno moja: tatu. Halikutoka.

Wadi ya kifua ilikuwa na vitanda vilivyochubuka rangi na mitungi ya oksijeni imesimama kama walinzi. Walimvalisha kinyago, hewa ikaingia na baridi yake. Daktari wa pale alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, mtu asiyekimbizana na foleni. Alitazama zile picha mbili, ya zamani na ya leo, akazirudisha, akazitazama tena. Kisha akamgeukia binti.

"Mwanangu, nenda nyumbani uniletee kila kitu mama yako anachomeza. Kila kitu. Hata cha kichwa, hata alichopewa na jirani."

Binti akarudi na mfuko mzima, akaumwaga kitandani: chupa za kikohozi, maboksi ya dawa za vijidudu, pipi za tangawizi, na kopo la biskuti.

Daktari akalifungua kopo. Akavaa miwani. Akasogeza mtandio wa Kengele taratibu, akaitazama shingo, akautazama uso, akarudi shingoni.

"Jioni, mama, taa za barabarani unazionaje?"

Kengele akafumba macho. Alijisikia kama mnunuzi amezunguka nyuma ya kabati na kutia kidole kwenye ufa.

"Zina... pete."

"Kwa nini hukutuambia unatumia hii?"

"Mliuliza ya kifua. Hiyo... ya moyo."

"Moyo unakaa wapi, mama? Mguuni?"

Binti alitaka kucheka, akaanza kulia.

Daktari akavuta kiti, akaketi. Akasema kwamba wanaofanyiwa hivi na dawa hii ni wachache. Wengi wanaimeza, inawasaidia, maisha yanaendelea. Kwake yeye iligeuka. Ilitulia kwenye mapafu ikayavimbisha, na mahali pengine palishaanza kuwa kovu. Rangi ya uso ni kazi ya dawa hiyo, pete za taa ni kazi yake.

"Basi itupeni. Leo leo."

"Utaacha, lakini kwa mikono yetu, si kwa hasira zako. Ukiiachia tu, ule moyo unaweza kurudia mchezo wake. Nimemwita mwenzangu wa kliniki ya moyo, tutakaa pamoja."

"Ikishaachwa... imeisha?"

"Hapo ndipo pabaya," daktari akasema, na hakutazama pembeni. "Haitoki upesi. Inajificha kwenye mafuta ya mwili. Miezi itapita bado imo."

"Kama mpangaji," Kengele akasema ndani ya kinyago. "Halipi... na hahami."

Wakamwondoa askari. Wakamwekea wa moyo mwingine, mgeni, ambaye hakuna aliyemjua tabia, na vidonge vya kutuliza uvimbe vilivyomnenepesha mashavu na kumpa njaa ya mtu wa kubeba mawe. Kengele alilala akisikiliza vitu viwili. Kwa sikio moja alisikiliza hewa kama inaongezeka. Kwa lingine alimsikiliza kuku. Asubuhi moja, akiwa anapiga mswaki ukingoni mwa kitanda, gunia lilicheza mara moja tu, pu! Akashika vyuma vya kitanda, povu mdomoni, akangoja. Likatulia. Hakumwita mtu. Alijua kwamba kuanzia sasa atakuwa anangoja hivyo maisha yake yote.

Msumari alikuja kumtazama. Alisimama miguuni mwa kitanda, kofia mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi, akasema pole, akauliza chakula cha hospitali, akaaga. Habari ya kiti hakuigusa. Hilo lilimtisha Kengele kuliko kinyago cha oksijeni, maana mtu hasamehewi hivihivi na Msumari ila awe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wafu.

Jioni ile akamwuliza daktari, "Nitarudi kwenye makreti?"

Daktari akavua miwani. "Uvimbe utapungua, umeshaanza. Kovu ni kovu. Utatembea, polepole. Utagombana na watu, hilo sina wasiwasi. Lakini kunadi, mama, sikudanganyi."

Kengele akageukia ukutani. Angalau huyu, alijisemea, ameligeuza kabati nikaona nyuma.

Alirudi yadini baada ya mvua za mwaka ule kwisha, si kunadi. Kutoka getini mpaka kwenye makreti alipumzika mara tatu, akijifanya anasalimia watu, na wale waliowahi kusema anajichubua walimpisha njia bila kumtazama usoni. Rangi ilikuwa bado ipo. Mpangaji hajahama.

Juu ya makreti alisimama binti yake. Aliacha kusuka, akachukua mguu wa kiti. Alizikariri zile kelele tangu akinyonya. Sauti yake haikuwa kengele, ilikuwa filimbi, lakini ilifika nyuma.

Mama yake alingoja mpaka kilipotolewa kiti kimoja cha mbao, cha kawaida, chenye mgongo ulionyooka. Akainua mkono. Mwingine akaongeza, yeye akaongeza, mwingine akamtazama vizuri, akaacha.

"Kiti! Mara moja, mara mbili, mara tatu, kimekwenda kwa mama!"

Pumzi moja, safi. Na hapo Kengele akagundua kwamba alikuwa amevuta hewa pamoja na mwanawe, aende naye mpaka mwisho kama zamani, na kwamba yake ilikatikia kwenye mara mbili. Akashika ukuta. Akangoja kifua kitulie, akisikiliza kama kuna kitu kinacheza ndani ya gunia. Hakukuwa na kitu. Siku hiyo hapana.

Akakiburuta kile kiti mwenyewe, akikataa kusaidiwa, mpaka mbele ya Msumari. Watu wakasogea waone. Hata binti akashusha mguu wa kiti.

"Hiki nini?" Msumari akauliza.

"Chako."

Msumari akakitazama kiti, akamtazama yeye, ule uso wa jivu na mashavu ya vidonge. Hakuonyesha huruma, na Kengele alimshukuru kwa hilo.

"Kwa hiyo ulipumua."

Angeweza kusema ni ugonjwa. Angeweza kutaja dawa, mapafu, daktari, na hakuna ambaye angemlaumu. Mama wa saluni alikuwa amesimama palepale, masikio wazi.

"Nilipumua," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka getini, na ikamlazimu asimame avute nyingine ndipo amalizie. "Baada ya... mara mbili. Nikakuita mwongo."

Msumari akavuta kiti, akakigeuza juu chini, akakipapasa miguu kwa kidole gumba kama daktari wa viti, akakisimamisha, akakalia. Kiti kikainama upande.

"Kinayumba."

"Sheria inasema kikalike," Kengele akamwambia. "Umekikalia."

Msumari akayumba nacho kidogo, mbele, nyuma, akilipima deni lake kwa makalio.

"Haya, dada," akasema. "Hatudaiani."